Sheria mpya ya silaha imetoka, mbona wamiliki wanawaka?

Mimi kazi yangu ni elimu kwa umma kwenye taasisi inayoshughulika na leseni za silaha, kwahiyo kila sheria ikibadilishwa najua kabisa wiki hiyo simu yangu hailali. Na hapigi mtu kuuliza kifungu cha ngapi kinasemaje, hapana, swali la kwanza ni "mnataka kutunyang'anya?" la pili ni "hiyo orodha yenu nani anaiona?" na la tatu, lenye faida kwa mpigaji kuliko yote, ni "nije na nini?" Ntaanza na hayo mawili ya mwanzo maana tukiyakwepa watu wanaona tunaficha kitu, na hapo hata tukisema ukweli hamna anayesikiliza tena.

Ila kabla ya hapo tuelewane kitu kimoja, leseni ni ya mtu na usajili ni wa silaha. Ni kama leseni ya udereva na kadi ya gari. Watu wanachanganya sana hapa, mtu anakwambia "mimi nina leseni tangu zamani, nisajili nini tena?" Leseni inasema wewe umechunguzwa na unafaa kushika silaha, usajili unasema bunduki hii yenye namba hii iko kwako na sio kwa mtu mwingine. Zipo nchi zinataka vyote viwili na zipo zilizochagua kimoja. New Zealand mwaka 1983 waliachana na kusajili bunduki za kawaida moja moja wakabaki na leseni ya mtu, ikaenda hivyo miaka na miaka mpaka lilipotokea shambulio la misikiti ya Christchurch Machi 2019, watu 51 wakauawa, serikali ikapiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia risasi inayofuata zenyewe kila ukifyatua, ikatangaza itazinunua, afu ikajikuta haijui hata ziko ngapi mtaani. Unanunuaje kitu ambacho hujui idadi yake? Zilirudishwa kama 56,000 hivi, na rejista mpya ikaanza Juni 2023, wamiliki wakapewa miaka mitano ya kuijaza.

Sasa hofu ya kunyang'anywa. Sitamwambia mtu kwamba hofu hiyo ni ya kijinga, maana sio ya kijinga. Uingereza mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, Scotland, mwaka mmoja nyuma yake, bastola karibu zote za raia zilipigwa marufuku, na waliozimiliki kihalali ndo waliozisalimisha, wakalipwa fidia, wengine mpaka leo bado inawauma. Australia nako 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, watu 35 wamekufa, serikali ilinunua na kuharibu silaha zaidi ya 600,000. Waziri mkuu wao John Howard alipoenda kuongea na wamiliki wenye hasira kwenye mji wa Sale alivaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti, na baadae alisema alijutia kuivaa. Na ndivyo inavyokuwa, wananchi wako wamekuja kukusikiliza na wewe unawaona kama ndo hatari yenyewe, wakishaliona hilo hata sheria iwe nzuri vipi hawaisikii.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande mwingine. Canada walipitisha sheria ya kusajili bunduki zote mwaka 1995, mradi uliosemwa utaigharimu serikali dola milioni 2 tu ukishatoa ada, mkaguzi mkuu wao 2002 akasema unaelekea kupita bilioni moja. Wawindaji na wakulima walilalamika kwa miaka, wakapeleka hoja bungeni, wakapiga kura, na 2012 usajili wa bunduki ndefu, sio bastola, ukafutwa na kumbukumbu zikaharibiwa, ingawa jimbo la Quebec waligoma wakaanzisha ya kwao. Leseni ya mtu lakini ilibaki. Uswisi nao vyama vya walenga shabaha vilikusanya saini vikailazimisha serikali kwenda kura ya maoni Mei 2019, wakashindwa, karibu asilimia 64 walikubali sheria iwe kali zaidi, na wakaendelea na maisha. Nachosema ni kwamba kelele za wazi huwa zinafika mahali, hata zikishindwa. Bunduki iliyofichwa kwenye dari haijawahi kubadilisha sheria yoyote, inamtengenezea kesi tu aliyeificha, na siku ikiibiwa hawezi hata kwenda kuripoti.

Swali la siri za watu ndo linaniumiza kichwa mimi mwenyewe, nikiri. California mwaka 2022 idara yao ya sheria ilifungua ukurasa wa takwimu za silaha, na kwa uzembe majina na anwani za watu kama 192,000 walioomba kibali cha kutembea na silaha ndani ya nguo yakawa wazi kwa yeyote. Hiyo ni orodha ya nyumba zenye bastola, mwizi akiipata anahitaji nini tena? Kwahiyo mmiliki akikuuliza data zake zinakaa wapi, nani anaruhusiwa kuzifungua na je kila anayezifungua anaacha alama ya jina lake kwenye mfumo, huyo sio mkorofi, anauliza kile kile ambacho na sisi tunatakiwa tuulizane kila siku. Muulize ofisa wako. Akikujibu kwa hasira, andika barua.

Haya, "nije na nini". Hapa ndo watu wanakwama na ndo hasira nyingi zinapozaliwa, sio kwenye siasa. Kwanza uliza kama unatakiwa uje na silaha yenyewe au karatasi na picha tu, maana utaratibu unatofautiana. Kama ni kuja nayo, ije tupu, na tupu maana yake unatoa magazini, kile kikasha cha risasi, KWANZA, afu unafungua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, unaangalia kwa macho na kuingiza kidole. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima, mwenye leseni ya miaka, katoa magazini kaiweka mezani kwa mbwembwe "iko salama hii", ofisa alipovuta nyuma ikaruka risasi moja ikadondoka chini, ikabingirika mpaka kwenye mguu wa mama aliyekuwa kwenye foleni. Ukumbi wote kimya. Risasi iliyo ndani ya chemba haitoki na magazini jamani, na ukivuta kabla ya kutoa magazini ndo unapakia nyingine.

Pili namba. Namba ya kuandika ni ile ya kwenye mwili wa bunduki, sio kila chuma kilichogongwa tarakimu. Mtutu ukibadilishwa unaweza kuwa na namba tofauti, kuna mihuri ya kiwanda, kuna namba ya modeli ambayo bunduki elfu zinayo hiyo hiyo. Sugua taratibu na kitambaa chenye mafuta, mulika na tochi kwa pembeni, piga picha, usikwangue kwa kisu maana namba iliyokwanguliwa inaleta maswali mengine kabisa. Na herufi O na sifuri, ukikosea hapo kwenye mfumo bunduki yako haipo, anayo mtu ambaye hajazaliwa.

Bunduki za urithi ndo balaa. Marehemu kaacha bunduki, watoto wanaona ni ya familia, leseni ilikuwa ya kwake peke yake, kwahiyo kuanzia siku anafariki hakuna mwenye haki ya kuishika mpaka taratibu zifanyike. Piga simu kwanza uelekezwe, usiibebe tu ukaanza safari nayo. Na angalia tarehe ya mwisho ya leseni, Afrika Kusini kesi ya chama cha wawindaji kuhusu leseni zilizoisha ilifika mpaka Mahakama ya Katiba na 2018 kikashindwa, walioacha leseni zikaisha wakabaki kusubiri misamaha ya serikali.

Halafu risiti. Alikuja mzee mmoja, faili lake kwetu halionekani, kijana wa dirishani akaanza kumwambia silaha yake haitambuliki, mzee akatoa kwenye nailoni karatasi imekunjwa mara nne, imekuwa ya njano, muhuri wa ofisi bado unasomeka na namba ipo. Faili likapatikana jioni ile ile, liliwekwa kwa jina la baba yake. Usiondoke dirishani bila karatasi yenye muhuri hata kama foleni nyuma yako inapiga kelele.