Taa nyekundu ya TV na soketi za remoti: tunayoambiana na inavyosema mita

Mama mmoja wa Nkuhungu aliniita nikamkagulie mita. "Hii LUKU inaniibia, mwanangu," aliniambia hata marahaba hajamaliza kuitikia. Ana friji dogo, pasi anapiga Jumapili kwa Jumapili, taa zote ni za LED, lakini uniti zake 75 za mwezi zilikuwa zinakata pumzi tarehe 24 au 25. Kazi yangu ni kufunga umeme majumbani hapa Dodoma, na lawama hii naisikia kuanzia Chang'ombe mpaka Ihumwa. Mita sikuigusa. Nilimwomba azime kila kitu kama anavyozima akienda kulala, tukachomoa friji, tukavuta stuli mbili mbele ya mita na kukaa kuangalia kile kitaa chekundu.

Usoni mwa mita yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikikonyeza mara 1,000, uniti moja imeliwa. Ukichukua 3,600 ukagawa kwa sekunde zinazopita kati ya konyezo moja na linalofuata, unapata wati zinazotumika wakati huo. Mita iliyoandikwa 1600, gawa 2,250. Nyumba ilikuwa giza na kimya. Kitaa kilikonyeza, nikaanza kuhesabu kwa saa ya simu, na kikakonyeza tena baada ya dakika 2 na sekunde 24. Hizo ni wati 25, kwa vitu ambavyo mama aliamini vimelala.

"Nimezima na remoti, basi imezimwa"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Remoti ya TV haikati umeme. Inaiambia TV ilale huku sikio likiwa wazi, na lile sikio linahitaji umeme usiku kucha ili lisikie utakapobonyeza tena. Swali ni sikio hilo linakula kiasi gani, na hapo wengi hukosea upande wa pili kwa kudhani kila chenye taa nyekundu kinakula sawa.

TV mpya ya flati ikiwa stendibai, yaani imelala hivyo, mara nyingi haizidi nusu wati. Haikutokea tu. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kifaa kilicholala kisile zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni iliyoanza kubana mwaka 2010, na 2013 kikomo cha vifaa vingi vya kawaida kikashuka hadi nusu wati. Viwanda vinavyouza dunia nzima vikajirekebisha. TV ya chogo, au flati ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya miaka hiyo, haimo kwenye hesabu hiyo.

King'amuzi ndicho kinachonisumbua zaidi. Vingi, hasa vya zamani, ukivizima na remoti vinaondoa picha na kubadilisha taa ya mbele, lakini ndani kazi inaendelea karibu kama kawaida. Kiguse juu asubuhi kabla hujawasha chochote. Ukikuta vuguvugu, joto hilo umelinunua kwa tokeni. Kwa yule mama tulichomoa kimoja kimoja na kuhesabu upya: king'amuzi wati 11, sabufa wati 8, TV ya chogo wati 6. Sabufa ndiyo iliyomshangaza, maana wiki ile hakuwa ameiwasha hata mara moja. Lakini plagi ilikuwa ukutani, na transfoma yake inabaki kwenye umeme hata kitufe cha mbele kikizimwa.

"Chaja ya simu ndiyo mwizi"

Hapana. Chaja nzuri isiyo na simu hula kati ya sehemu moja na tatu za kumi za wati. Iache ukutani mwezi mzima, haifikishi robo ya uniti. Wala usijaribu kuipima peke yake kwa kile kitaa, utasubiri mpaka uchoke. Chomoa chaja kwa sababu nyingine: za bei rahisi hupata moto, na watoto huchezea ncha ya waya. Inaniuma kuona baba anamgombeza mtoto kila usiku kwa ajili ya chaja huku king'amuzi kimekaa juu ya kabati kikichemka.

"Ni hela ndogo, haina maana"

Inategemea uko kundi gani la bei, na watu wengi hawajui kundi lao. Kundi D1 ni la matumizi madogo: shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 na ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, ndiyo maana uniti ya D1 inamfikia mtu kwa shilingi 122 na ya T1 kwa shilingi 356.

Tuseme mama anaangalia TV saa 5 kwa siku. Zinabaki saa 19 za kulala. Wati 25 kwa saa 19 kwa siku 30 ni uniti 14 na robo. Kama zote zingekuwa ndani ya zile 75, ni kama shilingi 1,740, na ningemwelewa anayesema ni kidogo. Lakini hazipo ndani. Ndizo hasa zinazomvusha mstari, na ng'ambo ya mstari uniti moja na makato yake ni shilingi 427. Uniti zilezile 14 na robo zinakuwa shilingi 6,085. Anayezoea kuvuka huhamishiwa T1, na hapo hata uniti ya taa ya choo inapanda bei karibu mara tatu. Kwa familia inayotembea ukingoni mwa uniti 75, stendibai si jambo dogo hata kidogo.

Wapo wanaoniambia umeme siku hizi ni mwingi, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, ukilinganisha na 80 za Mtera hapa jirani. Ni kweli na ni fahari yetu. Ila wingi wa umeme kwenye gridi haupunguzi uniti zinazoondoka kwenye mita yako.

"Basi nifunge soketi za remoti nyumba nzima"

Taratibu kwanza. Soketi ya remoti ni ile inayokata na kurudisha umeme kwa kitufe cha remoti yake yenyewe. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mtindo wa Uingereza, na nyingi zina swichi yake palepale ukutani. Swichi hiyo inakata umeme kabisa na umeshailipia. Kama mkono unaifikia, soketi ya remoti huihitaji.

Inakuwa na maana pale swichi ilipojificha. Kwa yule mama, kabati la TV liliegemezwa ukutani palipo na soketi, na juu yake kuna vyombo vya kioo vya wageni. Nani atahamisha vyombo kila usiku? Soketi ya remoti inachomekwa ukutani, ekstensheni inachomekwa ndani yake, halafu TV, king'amuzi na sabufa vyote vinakaa kwenye ekstensheni hiyo. Kitufe kimoja ukiwa kitandani, unasikia "tik" nyuma ya kabati, na vyote vitatu vimekatika.

Lakini nayo ina sikio. Soketi ya remoti yenyewe hula kati ya theluthi ya wati na wati 1 muda wote. Kwenye mzigo wa wati 25, kuacha wati 1 ni biashara nzuri. Ukiifunga kwa ajili ya TV mpya inayokula nusu wati, huenda umeongeza matumizi. Na ukiinunulia chaja, soketi inakula kuliko chaja. Kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye. Gawa bei ya soketi kwa shilingi utakazookoa kwa mwezi, ujue itajilipa lini.

"Za kuongoza kwa simu ni bora kuliko za remoti"

Zinazotumia Wi-Fi zinahitaji ruta iwake saa 24, na ruta hula wati 5 hadi 10. Kama ruta tayari unayo na haizimwi, sawa. Kama huna, usiilete nyumbani kwa ajili ya soketi. Za remoti ya redio, nyingi hutumia masafa ya megahezi 433, zinapita ukuta na hazihitaji intaneti. Kasoro yake ni kwamba masafa hayo yanapita pia ukuta wa jirani. Kwenye nyumba za kupanga za vyumba vilivyobanana, mkinunua za aina moja zenye namba ya utambulisho moja, mpangaji mwenzako akizima ya kwake, taarifa ya habari inakatika kwako. Chagua inayoruhusu kubadilisha namba hiyo.

"Si ni soketi tu, inabeba kitu chochote?"

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, maana nimeshatoa ukutani soketi iliyoyeyuka upande mmoja. Angalia ampea zilizoandikwa nyuma. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, na hapo ni mwisho kabisa, si kiwango cha kukaa nacho kila siku. Pasi, birika, jiko la umeme na hita ya chumba zinazotumika kwenye baridi yetu ya Juni na Julai zisipite humo. Pampu ya maji nayo ina mvuto mkubwa inapoanza, hata kama wati zake zinaonekana ndogo. Hita ya bafuni inafungwa kwa waya wake na breka yake, mbali kabisa na habari za soketi. Na friji liache. Halipo stendibai, linafanya kazi, na kompresa ikikatwa kisha kurudishiwa umeme papo hapo inaumia.

"King'amuzi kikikatwa umeme, chaneli na kifurushi vinapotea"

Chaneli zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kifurushi kinahesabu siku kwa kampuni, kiwe kimewaka au la. Kitakachobadilika ni kusubiri dakika moja au mbili kiamke. Siku ya kulipia tu, kiwashe kabla hujalipa ili kipokee ishara ya kufunguliwa.

"Nikizima kwa remoti, radi haitanipata"

Swichi ndogo ndani ya soketi inaachanisha mguso wa milimita chache. Radi iliyotoka mawinguni mpaka kwenye nguzo haishindwi kuruka hapo. Mawingu ya Desemba yakianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa dishi pia.

"Zote ni sawa, nunua ya bei rahisi"

Zinatofautiana kwa jambo moja ambalo kwetu ni kubwa: umeme ukikatika na kurudi, nyingine hukaa zimezimwa, nyingine hukumbuka zilivyokuwa, nyingine hujiwasha zenyewe. Hizi za mwisho hazitufai. Umeme ukirudi saa 9 usiku, sabufa na king'amuzi vinaamka, wewe umelala, na vinaendelea kula hadi asubuhi. Dukani mwombe muuzaji aichomeke, aiwashe kwa remoti na kuizima, kisha azime swichi ya ukutani, ahesabu mpaka kumi, na kuiwasha tena. Ikijiwasha, mrudishie.