Programu ya utabiri haijui Ramadhani wala kusi

Mwenye hoteli ya mahamri na mbaazi mjini Lamu akiweka mauzo ya asubuhi ya Machi 2024 kando ya yale ya Machi 2025, jedwali litamwambia biashara imeanguka. Wala haijaanguka. Mwaka 2024 mfungo ulianza tarehe 12 Machi, kwa hivyo siku 11 za mwanzo watu walikunywa chai yao ya asubuhi kama kawaida. Mwaka 2025 Ramadhani ilichukua karibu Machi yote. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo kila mwaka mfungo husogea nyuma siku 10 hadi 12. Kompyuta haitayajua hayo kwa kusoma neno "Machi".

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa zana za uchanganuzi zimekuwa rahisi kupatikana. Utabiri wa mauzo umo ndani ya lahajedwali za kawaida kama Excel, programu za akili unde hujibu maswali ya hesabu kwa Kiswahili, na malipo ya Till (nambari ya biashara ya kupokea M-Pesa) hujiandikia saa na dakika ya kila muamala. Zana hizi hujifunza kutokana na kile zilichopewa. Zikipewa tarehe na shilingi tu, zitatafuta sababu ya kupanda na kushuka kwa mauzo ndani ya tarehe na shilingi.

Kwa hivyo ongeza safuwima. Baada ya tarehe, saa, bidhaa, kiasi, bei na njia ya malipo (taslimu, M-Pesa au deni), weka tarehe ya Hijria, kisha msimu wa upepo: kusi, kaskazi au matlai. Anayenunua samaki kwa wavuvi aongeze moja zaidi: je, siku hiyo mashua zilitoka? Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa bandarini na bei ya nguru hupanda. Bila safuwima hiyo, programu itaona kilo zimepungua huku bei ikipanda, na itahitimisha kwamba wateja wamekimbia bei.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote: sufuri. Siku ambayo hukuwa na samaki na siku ambayo ulikuwa nao asinunue mtu si siku moja. Ya kwanza andika "hakuna mzigo", usiandike 0. Ukiandika 0, utabiri utakushauri ununue kidogo msimu ujao, nawe utaishiwa tena.

Makosa mengine ni madogo ila yanachosha. "Changu", "changu " yenye nafasi mwishoni na "chango" huhesabiwa kama bidhaa tatu. Tengeneza orodha ya kuchagua badala ya kuandika kwa mkono. Tarehe 03/04 yaweza kusomwa Machi au Aprili, kwa hivyo andika 2025-04-03. Taarifa ya Till haionyeshi fedha taslimu wala deni. Na ukipokea malipo kwa simu yako ya binafsi, karo na mchango wa harusi vitaingia kwenye mauzo.

Kabla ya kuuamini utabiri, upime. Ficha wiki nane za mwisho, ipe programu zilizobaki, kisha linganisha. Tuseme wiki tatu za mwanzo imetabiri kilo 40, 55 na 30, na zilizouzwa ni 46, 50 na 42. Imekosea kwa 6, 5 na 12, wastani wake kilo 7.7. Sasa chukua wiki zile zile za Hijria mwaka uliopita: 44, 49 na 36. Hizo zimekosea kwa 2, 1 na 6, wastani kilo 3. Ikiwa wiki zote nane zitakwenda hivyo, daftari la mwaka jana limeishinda programu, na hakuna aibu kulifuata.

Ukiuliza programu ya akili unde jumla ya mauzo, usikubali nambari iliyotajwa kwenye maandishi tu. Zana hizi huweza kutoa jumla isiyo sahihi kwa lugha ya kujiamini kabisa. Iombe ikuandikie fomula, uitie mwenyewe kwenye lahajedwali, kisha ujumlishe siku moja kwa kalamu uone kama inalingana.

Kabla ya kuipakia taarifa ya Till kwenye programu yoyote, futa majina na nambari za simu za wateja na uwape alama kama M1, M2, M3. Mteja wa kila siku bado ataonekana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inagusa hata duka dogo. Kanuni zake za usajili huwasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini msamaha huo hauzihusu biashara za hoteli za wageni. Mwenye nyumba ya kulaza watalii Shela, kisiwani Lamu, hata ya vyumba vinne, anatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data.