Hapana, 4G Haili Bando Lako

"Fundi, niwekee 3G, hii 4G inanimalizia bando." Mtu katoka kwenye kitochi wiki iliyopita, kanunua simu janja yake ya kwanza, GB 1 imekwenda jioni moja, na mshtakiwa keshapatikana. Sentensi hiyo inafika mezani kila siku, mara nyingine kutoka kwa watu wenye shahada ukutani. Tangu Vodacom wawashe 5G Septemba 2022 imepata na mdogo wake: "5G ndiyo inakula zaidi." Naandika mara moja. Nikiulizwa tena natuma kiungo.

Bando ni ujazo, na 3G, 4G, 5G ni mwendo. Muuza maji anakutoza kwa dumu. Unene wa bomba lake haukuhusu. Faili la MB 20 kwenye 4G inayokimbia Mbps 16 linashuka kwa sekunde 10. Kwenye H, alama ya 3G, yenye Mbps 2 linachukua sekunde 80. Kwenye E ya kbps 160, yaani 2G, ile inayokukuta ndani ya basi katikati ya pori, dakika 17 hivi. Kote huko umekatwa MB 20. (Mbps ni biti, MB ni baiti, gawanya kwa 8.)

Wengi wanaojibu swali hili huishia hapo, na ndipo mteja anapowaona waongo. Maana yeye kajaribu. Kazima 4G, na bando lililokuwa likiisha kwa siku moja likakaa siku tatu. Alichokiona ni kweli kabisa. Anachokosea ni sababu.

Kinachokula ni video, na video siku hizi haina uzito mmoja. Ukifungua YouTube na ubora umeachwa kwenye otomatiki, programu inapima mtandao wako kila mara na kuagiza vipande vyenye uzito unaoweza kupita. Mtandao ukiwa hoi unaletewa 144p au 240p, ile picha ambayo mpira hauonekani na refa anafanana na mchezaji. Ukiwa mzuri unapandishwa 480p, 720p, hata 1080p, bila kuulizwa. Kwa makadirio ya kazini, saa moja ya 360p inakwenda na MB 300 hivi. Saa ileile kwa 720p inavuka GB 1. Inategemea na video yenyewe: mtu aliyekaa kwenye kiti akihubiri ni mwepesi kuliko mechi, kwa sababu picha isiyobadilika inabanwa vizuri. Kwa hiyo 4G ilipanua mlango tu. Aliyepitisha kabati ni programu.

Na kuna la pili, ambalo hata mafundi wenzangu hawalisemi. Video haishuki sekunde kwa sekunde kadiri unavyoitazama. Inashushwa mbele; ndio ule mstari wa kijivu unaotangulia mstari mwekundu. Kwenye mtandao wa kasi, wewe uko sekunde ya 5 na huko mbele zimeshaingia sekunde 30 au zaidi. Ukichoka ukabonyeza nyingine, zile 25 umezilipia na hujaziona. Kwenye H dhaifu hasara hiyo ni ndogo kwa sababu hakuna kilichowahi kuingia. Sasa peleka hesabu hiyo TikTok, ambako kazi nzima ni kuchoka: unasukuma kwa kidole gumba, na programu inaandaa video zinazofuata kabla hujazifikia ili usione kale kaduara kanavyozunguka. Nusu saa ya kusukuma haifanani na nusu saa ya kutazama kitu kimoja hadi mwisho, hata kama macho yamechoka sawasawa.

Kwa hiyo ziba pale panapovuja. YouTube: gusa picha yako, ingia Mipangilio, tafuta ubora wa video, sehemu ya mtandao wa simu, chagua kiokoa data. TikTok inacho cha kwake ndani ya mipangilio. Facebook na Instagram: video zisicheze zenyewe ukiwa kwenye data. WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, kwenye upakuaji otomatiki ondoa tiki zote nne za data ya simu, yaani picha, sauti, video na hati. Usiogope, ujumbe wa sauti utaendelea kushuka wenyewe. Kinachokatika ni maua ya "asubuhi njema" kutoka kwenye grupu la ukoo, na video moja ya mchungaji iliyotumwa na shangazi watatu kwa wakati mmoja.

Kile Kiokoa Data cha Android yenyewe, kiwashe, lakini jua kinafanya nini. Kazi yake kubwa ni kuzinyima mtandao programu zinazojifanyia kazi kwa nyuma wakati wewe huzitazami. Usikitegemee kikushushie ubora wa video uliyoifungua kwa mkono wako mwenyewe. Watu wanakiwasha, wanatazama mechi dakika 90 kwa 1080p, halafu wanarudi na lawama.

Siku ya kwanza ina kesi yake. Simu iliyokaa kwenye boksi miezi kadhaa ina programu za kiwandani ishirini, thelathini, na karibu zote zinadai masasisho. Mfumo wenyewe nao unadai lake, mara MB mia kadhaa, mara zaidi ya GB 1. Ongeza chelezo (nakala ya akiba) ya WhatsApp inayorudi pamoja na video zake, na Picha za Google zinazoanza kupandisha kila ulichopiga. GB 2 au 3 kwa siku hiyo moja si ajabu, na haitajirudia wiki ijayo. Lakini mtu anaipima simu kwa siku hiyo, anatoa hukumu, na hukumu haina rufaa. Fanya hivi: tafuta Wi-Fi ya mtu kwa saa mbili, weka akaunti hapo, acha kila kitu kijisasishe. Kisha Play Store, picha yako, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, masasisho yawe kwa Wi-Fi pekee. Kwenye Picha za Google zima chelezo kwa data ya simu. Basi.

Ila hiyo "Wi-Fi pekee" ina mtego. Ukiwasha hotspot kwenye simu yako, kompyuta inayojiunga inaona Wi-Fi. Haioni bando. Android kwa Android huwa wanaambiana kwamba mtandao huu una kipimo, yaani unalipiwa kwa ujazo, lakini Windows usiiamini: ingia kwenye sifa za ile Wi-Fi uwashe alama ya mtandao wenye kipimo, la sivyo inaweza kuanza kushusha masasisho ya GB nzima wakati wewe unaandika barua ya kuomba kazi. Wanaolia "nilifungua barua pepe tu, GB 3 zimekwenda" wengi wao wametoka huku, na 4G haikuwa hata shahidi.

Kuhusu hesabu ya simu kutolingana na ya kampuni. Simu nyingine zinahesabu GB kwa 1000, nyingine kwa 1024, na kwa baiti kamili tofauti hiyo inafika asilimia 7. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni mahali pa kuhesabia. Simu inahesabu kilichoifikia. Kampuni inahesabu kwenye lango, ndani kabisa ya mtandao wao, kabla data haijapanda mnara. Kipande kikipotea kati ya mnara na simu, mnara unakirudia wenyewe na hulipi. Lakini mtandao ukikatika kwa muda, seva iliyoko mbali inaona kimya na kukituma upya, kinapita langoni mara ya pili, na kinaandikwa mara ya pili. Faili lililokatikia asilimia 80 likaanza upya, umelipa asilimia 180. Hapo mtandao mbovu ndio unaokula zaidi, na mtandao mbovu mara nyingi ni hiyohiyo 3G uliyoikimbilia.

Sasa upande wangu dhaifu, niuseme kabla hamjausema. Ziko nyumba ambazo mimi mwenyewe ningeifunga simu kwenye 3G. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya SIM, tazama nguvu ya mawimbi, inayoandikwa kwa dBm. Vile vibao pale juu ya skrini usivifuate, kila kiwanda kinavichora kwa roho yake. Kwenye 4G, dBm -90 na juu yake (karibu zaidi na sifuri) ni nzuri, -105 inavumilika, ikishuka chini ya -115 simu inahangaika: inapaza sauti kuufikia mnara, inaruka kwenda H, inarudi 4G, inaruka tena. Chaji inakwenda hivyo, na simu inapata joto mfukoni. Nyumba za kuta nene kama za Mji Mkongwe zinafanya hivi hata mnara ukiwa mtaa wa pili, hasa masafa ya juu kama 1800 MHz; 700 na 800 yanapenya vizuri zaidi. Mtu wa namna hiyo akisema 4G inakula chaji simbishii. Na yupo bibi asiyegusa mipangilio maishani, ambaye wajukuu wanamfungulia YouTube na kuondoka. Kwake, kufunga 3G ni dawa inayofanya kazi, ingawa inaniuma kukiri. Inafanya kazi kwa sababu 3G ya mtaa wake ni mbovu. Siku ikitengamaa na kushika H+ (3G ya kasi zaidi) ya Mbps 10, 720p itapita pale bila kupiga hodi, na bando litaisha kama zamani.

Laini, haraka, maana hapa hakuna ubishi. Ikiwa simu ni ya 4G na inaishia H tu, laini yako huenda ni ya enzi za kitochi; irudishe upya kwa wakala, kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Kabla ya hapo hamisha majina: laini inabeba 250 hivi, na mpya inakuja tupu. Pesa za kwenye simu haziendi popote, zimefungwa kwenye namba na si kwenye kipande cha plastiki. Usikate laini ya zamani kwa mkasi. Kubwa ni milimita 25 kwa 15, nano ni 12.3 kwa 8.8, na zaidi ya hapo unene haufanani: 0.76 dhidi ya 0.67. Hiyo 0.09 ndiyo inayokwama kwenye trei na kung'oa pini. Simu ya mtumba kutoka Marekani, kagua kama ina bendi 20 na 28, ndiyo yale masafa ya 800 na 700, kabla ya kulipa. Modeli za zamani za kule nyingi hazina, na utabaki unailaumu kampuni ya simu. Piga *#06#, andika IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uhakiki kama simu ni halisi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016 na hawakurudisha pesa ya mtu. Na mwenye kitochi cha KaiOS, mfumo wa vitochi vyenye intaneti, anayesema "nina WhatsApp tayari": huduma hiyo kwenye KaiOS ilikoma mwaka 2025.

Nimebakiza kundi la pili, la wanaoipenda 4G kupita kiasi. Wamesikia mahali kwamba ukipiga *#*#4636#*#* unaweza kuchagua LTE (ndiyo 4G yenyewe) pekee, na 4G haitashuka tena. Kweli haishuki. Pia hupokei simu. Bila VoLTE, yaani huduma ya kupitisha simu za sauti ndani ya 4G, 4G haibebi sauti ya kawaida: ukipigiwa, mtandao unaiambia simu yako ishuke 3G au 2G ipokee huko, halafu irudi. Ndiyo maana alama inageuka H au E ukiwa unaongea, na intaneti inakufa kabisa ukiwa kwenye E. Hakuna kilichoharibika. Ukiifungia kwenye LTE pekee umeikata ngazi. Data inaruka, WhatsApp inaita, na wanaokupigia kawaida wanaambiwa hupatikani. VoLTE ipo kwenye baadhi ya mitandao, ila lazima kampuni iwe imeitambua modeli ya simu yako. Kitufe kuwepo kwenye mipangilio peke yake hakutoshi. Jaribu hivi: washa kitufe, rudisha aina ya mtandao kwenye otomatiki, mwambie mtu akupigie kwa laini ya kawaida, na utazame alama iliyo juu. Ikibaki 4G mnapoongea, unayo. Ikishuka, acha otomatiki.