Mshipa uliojisokota ndani ya jicho: maswali na majibu

Nilikwenda kupimwa miwani. Nikatiwa matone ya kupanua mboni, kisha daktari akasema nina mshipa uliojikunja kwenye neva ya jicho, nimezaliwa nao. Ni ugonjwa?

Hapana. Neva ya jicho hupeleka picha kwenye ubongo, na pale inapoungana na jicho kwa nyuma ndipo mishipa ya damu inapochomoza na kutawanyika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa watu wachache mshipa mmoja, aghalabu ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni), haulali juu ya retina. Huinuka mbele, ukaingia kwenye ute unaojaza jicho, ukajisokota kama kamba iliyolegea, halafu ukarudi chini kuendelea na kazi yake. Daktari akiumulika anaweza kuuona ukitikisika kila moyo unapopiga. Wengi huzeeka nao wakiona vizuri, na hauhitaji dawa.

Niliambiwa ni mabaki ya mshipa wa tumboni. Ni huo huo?

Huo ni mwingine. Mtoto akiwa tumboni, ateri ya muda hupita katikati ya jicho kulisha lenzi, na kwa kawaida hunyauka kabla hajazaliwa. Kikibaki kipande, huonekana kama uzi mweupe juu ya neva.

Nina kisukari. Niwe na wasiwasi?

Uliza swali hili kwa daktari wako, na usiondoke bila jibu. Kisukari nacho huotesha mishipa papo hapo penye neva, lakini hiyo ni mipya, myembamba na dhaifu. Huvuja na inaweza kupofusha. Kuna picha inayopigwa baada ya kuchomwa sindano ya rangi mkononi: mshipa wa kuzaliwa hauvujishi rangi, mipya huivujisha.

Mkunjo huo hauwezi kuleta madhara kabisa?

Mara chache damu huziba ndani yake, au humwagika kwenye ute. Ukiona sehemu imeingia giza ghafla, au vidoa vyeusi vingi vinaelea, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama huna maumivu.

Mboni ya mwanangu inang'aa nyeupe kwenye picha za simu. Ni ile ateri ya tumboni?

Huenda ikawa haikunyauka. Hali hiyo mara nyingi hushika jicho moja, nalo huwa dogo kuliko mwenzake. Lakini weupe huo huo unaweza kuwa saratani ya retina, na kwa macho yako huwezi kuvitofautisha. Tafadhali usisubiri kliniki ijayo. Mpeleke kwa daktari wa macho kesho asubuhi, na picha hizo uende nazo.