Kwa nini kushuka Kadutu kunaumiza mapaja kuliko kuipanda?

Kila anayefanya futingi, yaani mbio za mazoezi, hapa Bukavu, mji wa milima mashariki mwa Kongo, anaijua hali hii. Jumapili alfajiri unatoka chini, karibu na ziwa, unapandisha hadi mtaa wa Kadutu huku moyo unagonga mbavu na maneno hayatoki. Ukifika juu unageuka na kushuka kwa raha, upepo usoni, ukiamini kazi imekwisha. Jumatatu unaamka na uchovu wa kawaida tu. Jumanne ndiyo siku ya aibu: ngazi za nyumbani unazishuka kwa ubavu, mkono umeshika ukuta. Na kinachouma ni mapaja, upande wa mbele, yaani msuli uliodhani ulikuwa unapumzika wakati unateremka.

Haukuwa unapumzika. Wakati wa kushuka hupumzika mapafu tu.

Unapopanda, msuli wa mbele ya paja unavuta na kuwa mfupi. Goti linanyooka, mwili unainuka. Unapoteremka mambo yanageuka. Kila mguu unapotua, uzito wa mwili unataka kulikunja goti, na msuli uleule unavuta kwa nguvu zote kulizuia lisikunjike ghafla. Unavuta huku unarefushwa. Hiyo ndiyo kazi ya breki, na kama ilivyo kwa lori linaloteremka na mzigo, injini haichoki ila breki ndizo zinazoungua.

Kwenye barabara tambarare, ardhi humrudishia mkimbiaji nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake kila anapotua. Watafiti wa Marekani walipima tofauti ya mlima na mteremko wakachapisha matokeo mwaka 2005: kwenye mteremko wa digrii 9, kishindo cha kutua kiliongezeka kwa asilimia 54, na nguvu ya kuuzuia mwili usitangulie mbele ikaongezeka kwa asilimia 73. Walipougeuza mteremko huo kuwa mlima, kishindo kile kilikaribia kutoweka kabisa. Kwa hiyo anayepandisha Kadutu anahema sana lakini mifupa na magoti yake yanapata nafuu; anayeshuka anapumua vizuri huku miguu inapigwa nyundo.

Sasa linakuja jambo la ajabu. Kazi hii nzito ya breki hailipiwi kwa pumzi. Mwaka 1952, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie waliunganisha huko Uingereza baiskeli mbili za mazoezi kwa mnyororo mmoja, waendeshaji wakiwa wamepeana mgongo. Mmoja anakanyaga pedali kwenda mbele. Mwenzake pedali zinamzunguka kinyumenyume naye anazizuia. Nguvu ya miguu ni ileile pande zote mbili, lakini aliyezuia alitumia oksijeni kidogo kuliko aliyekanyaga, kwa tofauti ya mara kadhaa. Walipoionyesha mashine hiyo London, mwanamke mwembamba alimzuia mwanamume mwenye mwili mkubwa bila kutoa jasho la maana, huku bwana huyo akiishiwa nguvu.

Siri iko ndani ya nyuzi za msuli. Uzi unaorefushwa kwa nguvu unaweza kushikilia mzigo mkubwa kuliko uzi unaojikunja. Mwili ni bahili: ukiona nyuzi chache zinatosha, unaita chache tu. Nyuzi hizo chache ndizo zinazobeba uzito wote, hatua baada ya hatua, hadi vipande vyake vidogo vinavutwa kupita kiasi na kuchanika. Wewe husikii kitu wakati huo, maana pumzi iko sawa. Uvimbe mdogo na maumivu huja baadaye, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na ndiyo maana ni Jumanne, wala si Jumapili jioni.

Hapa wengi watasema ni asidi ya laktiki iliyoganda miguuni. Utalisikia kwenye kila kikundi kinachokimbia kikiimba asubuhi, na kocha wa mpira wa mtaani atakuapia. Lakini laktati, yaani asidi hiyo ikiwa mwilini, inayotengenezwa wakati wa juhudi hurudi katika kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Isitoshe, tungeitafuta kwenye mlima, mahali tunapohema, na mlima ndio unaoumiza kidogo.

Kwa mtu wa kilomita 5 haya yote ni usumbufu wa siku mbili tu. Mambo hubadilika anapoanza kuota nusu marathoni, kilomita 21 na mita 97 na nusu, kisha ile kamili ya kilomita 42.195. Katika mbio fupi unafika kabla breki hazijaisha. Katika mbio ndefu unaweza kuwa na pumzi ya kutosha na chakula cha kutosha mwilini, halafu mapaja yakakataa.

Mfano mzuri uko Boston, Marekani. Marathoni yake inaishia karibu mita 140 chini ya pale inapoanzia, na kilomita za mwanzo zinateremka vizuri kabisa. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alimaliza kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia wakati huo, lakini haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu kanuni haziruhusu njia inayoshuka kiasi hicho, wala mwanzo na mwisho kuachana mbali vile. Hata hivyo njia hiyohiyo ya kuteremka ndiyo inayovunja watu. Baada ya kilomita 30 kuna mlima maarufu ambao wakimbiaji huuogopa mwaka mzima. Urefu wake? Mita 27 hivi. Mtoto wa Cimpunda hapa Bukavu anapanda zaidi ya hapo kurudi nyumbani na ndoo ya maji. Kinachoutisha mlima ule ni mapaja yaliyokwisha kupondwa na miteremko iliyotangulia.

Na Afrika Kusini kuna Comrades, mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921. Kwa kawaida mwelekeo hugeuzwa kila mwaka: mwaka mmoja kupanda kutoka baharini, mwaka unaofuata kushuka. Ukiwasikiliza waliokimbia pande zote mbili, wengi watakuambia kwamba mwaka wa kushuka muda ni mzuri na siku zinazofuata ni mbaya.

Dawa ipo, nayo ni ya ajabu kidogo: ni sumu ileile kwa kipimo kidogo. Msuli ulioumizwa na mteremko mara moja, ukapona, hauumii tena kiasi kile safari inayofuata. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa hata kama hukurudia. Kwa hiyo anayejiandaa kwa mbio ndefu hana haja ya kuteremka kwa fujo kila siku. Aanze na dakika kumi za kushuka kwa utulivu katikati ya mazoezi ya kawaida, aache wiki ipite, kisha aongeze kidogo. Mteremko wa mwisho ulio mkali ufanyike wiki mbili au tatu kabla ya mbio. Ukiufanya siku nne kabla, utabeba majeraha hadi kwenye mstari wa kuanzia. Kwangu mimi hili ndilo zoezi linalopuuzwa kuliko yote Bukavu. Watu hujisifu kwa milima waliyoipanda, halafu wanashuka hovyo au wanapanda pikipiki ya motari kurudi chini, na ndivyo wanavyoikosa nusu ya faida ya kuishi katika mji huu.

Namna ya kushuka nayo ina walimu wake, na hawavai viatu vya michezo. Watazame akina mama wabebaji wanaoteremka kutoka sokoni na gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hatua zao ni fupi na za haraka, unyayo unatua karibu kabisa na chini ya mwili, goti halinyooki kamwe. Kijana anayejiona mkimbiaji hushuka kwa hatua ndefu, kisigino kinatangulia mbali mbele, kila hatua ni ngumi kwenye goti. Mmoja wa akina mama hao alimwambia kijana aliyempita kwa kishindo: “Pole pole, mutoto! Magoti iko mbili tu.” Kifiziolojia sina la kuongeza. Hatua fupi hupunguza umbali ambao paja linarefushwa kila mguu unapotua, na kishindo kinagawanywa kwenye hatua nyingi.

Kuna jambo jingine linalomdanganya anayeanza, na si la mteremko peke yake. Pumzi huzoea upesi kuliko mifupa. Ndani ya wiki mbili za kukimbia, kiasi cha maji ya damu kimeshaongezeka. Baada ya mwezi na nusu, mlima uliokusimamisha mara tatu unaupanda mara moja. Unajisikia mpya, unataka kuruka kutoka kilomita 8 hadi 15. Lakini mfupa ukizidishiwa kazi huanza kwa kubomoa sehemu iliyochoka, kazi ya wiki chache, kabla ya kujenga upya, kazi ya miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Kano nazo hupata damu kidogo na hubadilika taratibu. Ndiyo maana ufa mdogo kwenye ugoko humkuta mtu wakati anajiona ana nguvu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Maumivu ya paja lote, kulia na kushoto, yanayopungua siku ya tatu, ni ya mteremko: tembea, endelea na shughuli. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kila ukikimbia, ni ya kusimamisha mazoezi na kumwona daktari.

Katika mji wa namna hii, kuhesabu dakika kwa kila kilomita ni kujitesa bure. Saa ya mkononi itakuambia ulikuwa kobe ukipandisha na duma ukishuka kuelekea Nyawera, na yote mawili ni uongo. Pima kwa mdomo: siku za kawaida, ambazo ziwe nyingi, uweze kumsimulia mwenzako jambo zima bila kukata sentensi. Mlima ukikuzuia kuongea, tembea. Kutembea mlimani hakumpunguzii mtu hadhi, na wakimbiaji wa Comrades hufanya hivyo mchana kweupe mbele ya kamera.

Chakula ni hadithi fupi. Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, baada ya mazoezi marefu ni mlo mzuri kabisa, wanga kwa akiba ya nguvu, protini kwa kutengeneza nyuzi zilizochanika. Ila ujue kwamba msuli ulioumizwa na mteremko hujaza akiba yake ya wanga polepole kuliko msuli uliochoka tu. Sahani kubwa ya jioni haifuti kosa la asubuhi, zinahitajika siku.

Msimu nao uzingatiwe. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua inazigeuza njia za mabondeni kuwa sabuni, na paja linalopiga breki huku mguu unateleza linavutwa kwa ghafla, jambo baya zaidi. Siku hizo ni heri lami, pamoja na kelele za pikipiki. Kama unanunua viatu vya mitumba, vigeuze kabla ya kulipa: kisigino kilicholika upande mmoja kitakuangusha kwenye mteremko kabla ya kukusaidia mlimani.

Swali linalobaki ni la anayefanya mazoezi hapa kwa ajili ya mbio za tambarare. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, uko karibu mita 700 chini yake. Mkimbiaji wa Bukavu akishuka huko atakuta hewa nzito zaidi na atakuwa na pumzi ya ziada, zawadi ya bure. Lakini tambarare haibadilishi kazi: hakuna mlima wa kulipumzisha goti wala mteremko wa kuyapumzisha mapafu, msuli uleule kwa pembe ileile saa mbili mfululizo, tena kwenye joto. Mtu huyo atafute hata kipande kimoja kisicho na mlima kando ya ziwa, akizunguke mara nyingi kila wiki mbili, na avumilie watoto watakaomuuliza amepoteza nini.