Sungura chunguni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyama ya sungura inasemwa kuliko inavyoliwa. Asiyetaka hata kuionja ana hadithi yake kuhusu uchafu wa mnyama huyu, na aliyejaza vizimba uani akakosa wateja naye ana hadithi yake, kwamba nyama hii haina kolesteroli, inashusha presha na inaongeza damu. Nikiulizwa ni yupi kati ya hao wawili anayeiharibia sungura jina zaidi, nitamtaja wa pili, kwa sababu mteja aliyeahidiwa dawa akapata kitoweo kikavu harudi tena. Ukweli wenyewe ni mdogo, lakini unaeleza karibu kila kinachofuata hapa: sungura ana mafuta machache, na hayo machache hayakujipenyeza katikati ya nyama, yamekaa zaidi kuzunguka figo na sehemu ya mabega.

"Haina kolesteroli kabisa." Kolesteroli ni sehemu ya utando wa kila seli ya mnyama, kwa hiyo nyama isiyo na kolesteroli haipo buchani wala porini. Gramu 100 za nyama mbichi ya sungura wa kufugwa zina takriban gramu 20 za protini, gramu 5 na nusu za mafuta, kalori 136 na miligramu 57 za kolesteroli. Ni hesabu nzuri, ila haimwachi kuku mbali kama inavyotangazwa, kwani kuku aliyevuliwa ngozi ana protini gramu 21 na mafuta gramu 3 hivi kwa kiasi hicho hicho. Anayetaka sungura ashinde humlinganisha na kuku mwenye ngozi, ambaye mafuta yake hufika gramu 15, na hapo ushindi unakuwa wa ngozi zaidi kuliko wa nyama. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, ingawa lina uzito, ni kwamba aina ya mafuta ya sungura hufuata chakula chake: aliyelishwa majani mabichi kwa wingi huelekea kuwa na mafuta ya omega-3 mengi kuliko aliyekuzwa kwa nafaka.

"Ni dawa ya presha na jongo." Nyama yenyewe ina kidogo sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, kama miligramu 40 kwa gramu 100, na mwenye presha anaweza kuila bila wasiwasi. Tatizo huanzia kwenye sufuria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mpishi anayetia chumvi kwa kiganja kisha akaongeza vikolezo vya dukani atakuwa ameifuta faida yote kabla mchuzi haujachemka. Kuhusu jongo, ugonjwa wa maungo kuvimba na kuuma, wengi huambiwa wapunguze nyama nyekundu, wakahamia kwa sungura wakidhani weupe wa nyama ni kibali cha kula wapendavyo. Sungura ana purini kama nyama nyingine, na purini ndizo mwili unazozigeuza kuwa asidi ya yuriki, ambayo ikizidi ndiyo huleta jongo; tena purini huyeyuka na kuingia katika supu, ile ile anayopewa mgonjwa bakuli zima kwa nia njema.

"Inaongeza damu." Hapa pana nusu ya ukweli. Vitamini B12, ambayo mwili hauwezi kutengeneza damu bila hiyo, imo kwa wingi: gramu 100 zina kama mikrogramu 7, wakati mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Madini ya chuma, ambayo upungufu wake ndio unaowasumbua kina mama na watoto wengi, hayazidi miligramu 1.6 hivi, chini ya yale ya nyama ya ng'ombe. Mwenye upungufu wa chuma atapata zaidi kwenye ini na nyama nyekundu, na vidonge alivyoandikiwa kliniki havina mbadala chunguni.

"Ukila sungura sana unakonda hadi kufa." Dhana hii ina asili ya kweli, ila imesafirishwa mbali na kwao. Wawindaji na wasafiri wa nchi za baridi kali ya kaskazini walijua kwamba mtu aliyebaki na sungura mwitu peke yao mwishoni mwa majira ya baridi, wanyama wenyewe wakiwa wamekonda, alianza kuharisha, kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu, huku akila hadi tumbo kujaa bila njaa kumwachia. Mpelelezi wa Aktiki Vilhjalmur Stefansson aliieleza hali hiyo katika maandishi yake. Sababu yake ni kwamba ini lina kikomo cha kuigeuza naitrojeni ya protini kuwa urea, na mtu asiyepata mafuta wala wanga hulazimika kuchoma protini kupita kikomo hicho. Kwetu, ambako vipande vitatu vya sungura husindikiza mlima wa ugali au sahani ya wali wa nazi, ugonjwa huo hauna pa kuingilia. Anayepaswa kuukumbuka ni yule anayejipunguza mwili kwa kuacha wanga na mafuta kwa pamoja, akabaki na minofu mitupu asubuhi na jioni.

"Ni mchafu, anakula kinyesi chake." Ni kweli kwamba anakula, lakini kinacholiwa si zile punje kavu zinazoonekana chini ya kizimba. Utumbo wa sungura una mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambamo bakteria huchachusha majani na kuzalisha protini pamoja na vitamini za kundi B. Kwa kuwa mfuko huo upo baada ya utumbo mwembamba, ambako virutubisho hufyonzwa, mnyama angepoteza karibu mazao yote hayo kama asingeyapitisha mara ya pili. Kwa hiyo hutoa vidonge laini vilivyofunikwa ute, mara nyingi usiku au alfajiri, na kuvichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja bila kuviacha viguse sakafu. Ng'ombe hufanya kazi inayofanana anapocheua, isipokuwa kiwanda chake cha bakteria kimetangulia utumbo, naye hahitaji kuzunguka mlango wa nyuma. Nyama ya sungura aliyefugwa kwenye kizimba kikavu haichafuki kwa tabia hiyo, na kwa maoni yangu kuku wa kienyeji, ambaye hushinda akiparua jalala na tunamsifu kwa utamu, ana maswali mengi zaidi ya kujibu.

Katazo la dini ni suala jingine, lisilopimwa kwa darubini. Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14 zinamhesabu sungura miongoni mwa wasioliwa, zikisema kwamba hucheua lakini hana kwato zilizopasuka, na Wasabato wanalishika agizo hilo hadi leo. Kwa Waislamu wa Sunni, madhehebu yote manne yanamhalalisha, wakitegemea hadithi ya Anas bin Malik, aliyesimulia kwamba walimfukuza sungura karibu na Makka, Abu Talha akamchinja, na Mtume (s.a.w.) akalipokea paja alilopelekewa. Mashia Ithnaasheri na Mabohora hawamli. Kwa hiyo anayesema "Waislamu hawali sungura" na anayesema "Waislamu wote wanakula" wamekosea sawasawa. La muhimu zaidi kwa mnunuzi Mwislamu ni namna ya kuua: wafugaji wengine humvunja sungura shingo au kumpiga kisogoni, na huyo akifa kabla ya kuchinjwa si halali hata kama kisu kitafuata baadaye.

"Mjamzito akila sungura, mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka." Jina la mazungumzo la hali hiyo, mdomo wa sungura, ndilo linaloilisha dhana hii. Mdomo wa juu wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Kutoungana kwake kunahusishwa na urithi, uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa za kifafa. Katazo la aina hii, kama lile la mayai katika baadhi ya jamii zetu, humnyima mama protini katika miezi ambayo anaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

"Utauziwa paka." Hofu hii ni ya zamani na si yetu peke yetu; Wahispania wana msemo wa kuuziwa paka badala ya sungura, wakimaanisha kutapeliwa. Dawa yake ni kununua akiwa hai, au kutaka aletwe na kichwa chake. Paka ana chonge. Sungura hana chonge hata moja, ana meno marefu ya mbele ya kugugunia, na nyuma ya yale ya juu utaona mengine mawili madogo yamejificha.

"Nyama yake ni ngumu na kavu." Lalamiko hili ndilo lililowakimbiza watu wengi, na chanzo chake ni ushauri mfupi usemao: mpike kama kuku. Kuku huingia motoni na ngozi yake, ambayo huyeyusha mafuta na kuilainisha nyama kadiri inavyoiva. Sungura huchunwa, kwa hiyo huingia uchi, na mafuta ambayo hakuja nayo lazima yatoke kwa mpishi. Ndiyo maana anapatana vizuri na nazi na karanga. Wamisri, ambao ni walaji wakubwa wa sungura, humpika kwa siagi au samli na mchuzi wake wakautilia mulukhiyya, majani ambayo huku tunayaita mlenda. Sijui kwa nini jozi hiyo haijavuka hadi kwetu, wakati vyote viwili vinapatikana.

Mahali pa kuanzia ni kisu. Shoka hupasua mifupa yake myembamba ikawa vibanzi vyenye ncha, vya hatari kwa watoto, hivyo ni bora kumkata kwenye maungio: miguu miwili ya nyuma, miwili ya mbele, mbavu, na mgongo vipande viwili au vitatu. Vipande hivyo havilingani. Miguu ya nyuma imefanya kazi, ina tishu za kuunganishia zinazohitaji moto mdogo kwa saa moja hadi moja na nusu ili ziyeyuke; mgongo hauna tishu hizo wala mafuta, na ukikaa motoni muda wote huo utageuka kuwa nyuzi. Basi mpishi akaange vipande kidogo kwenye mafuta hadi vipate rangi, aunge kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya, atie miguu na mbavu pamoja na tui jepesi, afunike na kuacha yatokote polepole, kisha auongeze mgongo katika dakika 20 za mwisho na kumalizia kwa tui zito, akikoroga ili lisikatike. Kuchemsha kwa moto mkali ili "ilainike haraka" huikamua nyama maji yake. Anayetaka kuchoma amtafute sungura wa miezi mitatu au minne na ampake mafuta mara kwa mara; jike mzee aliyekwisha kuzaa mara nyingi ni wa mchuzi tu.

Sababu nyingine ya ugumu ni haraka. Misuli hukakamaa baada ya kuchinja, na sungura aliyetoka kisuni kwenda jikoni ndani ya saa chache hupikwa akiwa katika ukakamavu huo. Akikaa kwenye friji hadi kesho yake, tofauti utaiona kwenye meno.

"Lazima alowekwe kwenye siki usiku kucha ili kuua wadudu na harufu." Siki haiui vijidudu vya kutosha, kinachoviua ni joto, na nyama ya sungura inatakiwa ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya kipande. Asidi ikikaa muda mrefu huifanya sehemu ya nje kuwa kama uji huku ndani pakibaki vile vile, hivyo nusu saa ya ndimu na chumvi inatosha kwa ladha. Harufu mbaya, inapokuwepo, imetoka kwenye kibofu au nyongo iliyopasuliwa kwa kisu, manyoya yaliyogusa nyama wakati wa kuchuna, au kizimba kilicholowa mkojo.

"Sungura ni sungura, wa porini au wa bandani." Hapana. Yule wa hadithi za bibi, anayemcheza shere fisi, ni mnyama mwingine: hachimbi shimo, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na nyama yake ni nyeusi, yenye ladha kali. Wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na nyama yake ni ya waridi iliyofifia. Sheria pia haiwachanganyi, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania Bara inadai leseni kwa mnyamapori yeyote.

"Ini lenye madoa meupe ni alama ya mafuta." Madoa au vinundu hivyo kwa kawaida husababishwa na kokisidiosi, ugonjwa wa vimelea unaoenea katika vizimba vichafu. Vimelea hivyo haviambukizi binadamu, lakini ini hilo litupwe, na mizoga ikionyesha vinundu vingi daktari wa mifugo aitwe alitazame banda. Ukikuta vifuko vidogo vyenye maji vimening'inia tumboni kama punje za njegere, hao ni viluwiluwi vya tegu wa mbwa: nao hawamdhuru mlaji, ila matumbo hayo yafukiwe au yachomwe moto, kwa sababu mbwa akitupiwa mabichi tegu atakomaa ndani yake, mayai yatatoka na kinyesi chake kwenye majani, na majani hayo ndiyo yatakayokatwa kesho kulishia sungura.