"Wrought" sio ya "wreak", ni ya "work"

Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alikaa kwenye jengo la Bunge la Marekani pale Washington akamtumia telegramu mwenzake Alfred Vail aliyekuwa Baltimore, ujumbe wenyewe "What hath God wrought", yaani Mungu katenda makubwa gani, maneno ya Biblia, Hesabu 23:23, na aliyeyachagua ni binti mmoja anaitwa Annie Ellsworth. Hiyo hath achaneni nayo, ni has ya kizamani tu. Tunayoulizwa sana huku idara ya lugha ni hiyo wrought, imetokea wapi?

Wengi wanajibu ni wreak iliyopita, si kuna msemo "wreak havoc", yaani kuleta uharibifu, na mnasikia watu wanasema "wrought havoc". Hapana jamani. Wreak ni ukoo mwingine kabisa, mambo ya kufukuza na kulipiza kisasi. Wrought ni work, hii hii work ya kila siku.

Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066 kufanya kazi ilikuwa wyrcan, na alifanya ni worhte. Hiyo h msiipite hivihivi, ilikuwa inakwaruza koo kama kh ya kheri, na waandishi wa baadae wakaiandika gh. Sa ulimi ukachoka na rht zilizosongamana, r ikaruka mbele ya o, ikawa wrohte, mwisho wrought. Bird nayo zamani ilikuwa brid, third ilikuwa thrid, ila hizo r yao ilirukia upande wa pili. Baadae kh ikafa midomoni, w ikanyamaza, ndo maana leo unaandika herufi saba unatamka sauti tatu.

Cheki na ndugu zake: buy bought, bring brought, think thought, seek sought. Work alikuwa wa nyumba hiyo hiyo, ila watu wakambandika -ed kama vitoto vya Kiingereza vinavyosema "buyed", tofauti ni kwamba worked kosa lake lilishinda likawa ndo sahihi (grama haina haki).

Wrought yenyewe imebaki kwenye wrought iron, chuma cha kufuliwa, japo kuna wanaoandika "rod iron" wakidhani ni habari ya nondo. Na fundi zamani alikuwa wyrhta, r ikaruka vilevile ikawa wright, ndo hiyo ya playwright, kwa hiyo msiandike playwrite, huyo anaitwa fundi wa tamthilia, kuandika haimo.